PETROLI INAYOVUJA KATIKA GARI KUUKUU
Jinsi ya kuitafuta, kuiziba, na kumwokoa mwenzetu na lawama isiyo yake



Mara nyingi wenzetu wanaopelekwa kazini kwa gari la kampuni, au wanaoendesha pikapu na Landrova za zamani mashambani, husikia harufu ya petroli tangu wanapopanda mpaka wanaposhuka. Mmoja hufungua dirisha. Mwingine husema, "Gari kuukuu ndivyo lilivyo." Siku zinapita, harufu inazoeleka, wala hakuna aulizaye inatoka wapi. Makala hii imeandikwa ili tuulize.

Petroli inayovuja hutudhuru kwa njia tatu. Ya kwanza ni moto, na hiyo kila mtu anaijua. Ya pili ni afya, maana mvuke wa petroli ukivutwa kila siku huleta kuumwa kichwa na kizunguzungu, na ndani yake mna benzini, dawa ambayo imethibitishwa kuleta saratani ya damu. Ya tatu ni mshahara, na hiyo ndiyo inayosahauliwa. Tuanze na hiyo ya tatu.

KISA CHA DEREVA WA CHOVAI

Chovai ni kimoja katika visiwa vya Wabajuni, vilivyojipanga kando ya pwani kusini ya Kismayu pamoja na Koyama, Chula na vinginevyo. Ni kisiwa cha mashua na nyavu, si cha magari. Lakini kabla ya vita vya 1991 wako vijana wa visiwani waliovuka kwenda bara kutafuta kazi ya mshahara: bandarini Kismayu, katika kiwanda cha nyama, na katika mashamba ya ndizi ya bonde la Juba.

Mmoja wao alikuwa dereva wa Landrova ya petroli katika shamba moja la ndizi. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua na kuleta vipuri kutoka mjini. Karani alipopiga hesabu ya mwezi aliona kwamba petroli iliyonunuliwa haiwiani na mwendo uliokwenda gari. Zilikuwa zinapotea kama lita nne kila siku. Wakubwa walitazama chini ya gari, wakaona mchanga mkavu. Basi ikaamuliwa kwamba dereva anauza petroli. Mshahara wake ukakatwa mwezi wa kwanza, ukakatwa na wa pili.

Dereva yule alikuwa na mwamu wake, nahodha wa mashua, ambaye hakupata kuendesha gari maishani. Siku moja alipopita kumjulia hali aliyasikia mambo hayo, akauliza swali moja tu: "Mwamu, gari likilala, petroli hupungua au haipungui?" Hakuna aliyekuwa amepima.

Jioni ile walitia kijiti safi ndani ya tangi, wakakitia alama mahali petroli ilipofika. Gari likafungiwa bandani, na ufunguo wa banda akakaa nao mlinzi. Asubuhi, mbele ya mlinzi na mjumbe wa kamati ya wafanyakazi, kijiti kikatiwa tena. Petroli ilikuwa imeshuka. Dereva alilala kwake, gari lililala kwake, na petroli ilikwenda yenyewe.

Ikabaki kutafuta mahali. Dereva akaingia chini ya gari, akatoka na kusema kote kuna vumbi na mafuta, haoni kitu. Nahodha akamwambia, "Maji ya ngama hayakuambii yaliingilia wapi. Kausha kwanza, ndipo utazame." Wakachukua matambara wakalipangusa bomba lote tangu tangi mpaka kwenye injini, kisha wakalipaka unga wa chokaa. Baada ya muda mfupi, mahali pamoja tu pakalowa. Bomba la shaba lilikuwa limesuguana na chuma cha chesisi kwa miaka mingi mpaka likatoboka tundu dogo kama ncha ya sindano. Petroli ilidondokea ndani ya ule mwimo wa chesisi uliojaa vumbi, ikanywewa na kupanda mvuke kabla ya kufika chini. Ndiyo sababu mchanga ulikuwa mkavu.

Kukatwa mshahara kukakoma. Fedha za mwezi mmoja zilirudishwa. Za mwezi wa pili zilidaiwa kwa muda mrefu, na hazikurudi. Lau gari lingepimwa siku ya kwanza, zisingekatwa kabisa.

HABA NA HABA HUJAZA KIBABA

Huenda msomaji akasema: tundu la sindano litapotezaje lita nne? Tupige hesabu. Matone kama 20 hufanya mililita moja. Petroli ikidondoka tone moja kila sekunde, ni matone 60 kwa dakika, yaani mililita 3. Kwa saa moja ni mililita 180. Kwa usiku na mchana, saa 24, ni mililita 4,320, yaani lita nne na theluthi. Kwa mwezi wa siku 30 ni karibu lita 130, zaidi ya madumu sita ya lita 20.

Kwa hiyo kila gari lenye mashaka lipimwe hivi: tafuta tone, kinga kopo chini yake kwa saa nzima, kisha pima kilichoingia. Ukizidisha mara 24 utapata hasara ya siku moja. Hesabu hii anaweza kuifanya kila mtu, na mbele ya karani ina nguvu kuliko kiapo. Kopo hilo lisiwe la plastiki nyembamba, wala lisiachwe wazi penye watu wanaovuta sigara.

TUIJUE PETROLI

Petroli yenyewe ikiwa maji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka yakipata joto la kama digrii 38 za Selsiasi, na dizeli huhitaji joto zaidi ya digrii 50. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hapa kwetu pwani petroli iko tayari kuwaka saa zote, alfajiri na adhuhuri.

Tena mvuke huo ni mzito, mara tatu au nne kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea kama moshi. Hushuka, hutambaa chini, huingia katika shimo la gereji, katika mtaro, na katika ngama ya mashua, ukakaa humo ukingoja cheche. Moto unaweza kuanzia mbali na gari, kwenye jiko la mama ntilie, ukarudi mpaka kwenye tangi.

Tusisahau yaliyotokea Nairobi tarehe 12 Septemba 2011. Katika kijiji cha Sinai, penye eneo la viwanda, petroli ilivuja katika bomba kubwa la kusafirishia mafuta, ikaingia mtaro wa maji unaopita kati ya nyumba. Ilielezwa baadaye kwamba kilichoachia ni gasketi. Watu walikwenda na ndoo na madumu kuchota. Ikashika moto, na watu wapatao mia moja wakafa. Morogoro nako, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi mia moja. Hao wote walikuwa maskini kama sisi, waliotaka lita chache. Petroli inayovuja haichotwi, hukimbiwa.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Fundi hodari hujulikana kwa anayoyafanya kabla ya kuanza. Fuateni haya:

1. Gari lisukumwe kwa mikono mpaka mahali pa wazi penye upepo, mbali na jiko, mashine ya kuchomelea na watu wanaovuta sigara. Lisiwekwe juu ya shimo la gereji, maana mvuke utajaa humo.

2. Injini izimwe na kuachwa ipoe. Eksosi yenye moto inatosha kuwasha.

3. Harufu ikishapungua, ondoa waya wa betri ule uliofungwa kwenye bodi. Usiuondoe wakati mvuke umejaa, kwa sababu waya ukiachia hutoa cheche.

4. Usitazame kwa kiberiti wala kwa taa ya utambi. Wako walioangalia kiasi cha petroli ndani ya tangi kwa njiti ya kiberiti, na hawakupata nafasi ya kusimulia. Tumia mwanga wa jua. Kama ni giza, ngoja kupambazuke.

5. Ndoo mbili za mchanga mkavu ziwe karibu, na mtungi wa unga wa kuzimia moto kama upo. Maji hayafai, kwa kuwa petroli huelea juu yake na kusambaa pamoja nayo.

6. Usinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni, hata kidogo, inaweza kuua. Mtu akiimeza asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali. Wala petroli si sabuni ya kunawia mikono.

MASWALI MATATU

Gari kuukuu lenye kabureta lina safari fupi ya petroli. Hutoka kwenye tangi, hupita bombani, huingia kwenye kikombe cha kuchujia, hufika kwenye pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini, kisha hupanda kwenye kabureta. Kabla ya kufungua hata nati moja, jiulize maswali matatu.

La kwanza: Je, inavuja gari likiwa limezimwa? Kama ndiyo, ubovu uko kwenye tangi, au kwenye bomba lililo chini kuliko petroli iliyo tangini. Hapo petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe.

La pili: Je, inavuja injini inapozunguka tu? Kama ndiyo, tazama kutoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta, maana huko petroli inasukumwa. Kumbuka kwamba kati ya tangi na pampu petroli inavutwa. Kwa hiyo tundu lililo upande huo, injini ikizunguka, laweza lisidondoshe hata tone, bali likavuta hewa. Dalili yake ni gari kukohoa na kukosa nguvu mlimani, au kukataa kuwaka asubuhi mpaka stata izungushwe mara nyingi.

La tatu: Je, inavuja tangi likiwa limejaa tu? Kama ndiyo, usihangaike na sehemu ya chini. Tazama kizibo cha tangi, mpira wa shingo ya kujazia, na gasketi ya kile chombo cha juu kinachopeleka habari kwenye geji.

Ukishajibu hayo, pangusa sehemu unayoishuku mpaka ikauke kabisa, uipake chokaa au unga wa chaki, kisha ungoje. Mahali palipolowa juu kabisa ndipo chanzo, kwani petroli hushuka na kutembea chini ya bomba. Mafundi wengi hubadilisha kitu cheupe na kizima kwa sababu tone lilionekana hapo, kumbe limetoka hatua mbili nyuma.

MAHALI PANNE PA KUTAZAMA

Tangi. Gari linalokaa pwani huliwa na chumvi. Kutu huanza mahali tangi linapokazwa na mikanda yake, maana hapo matope na maji ya chumvi hukaa, na katika mshono wa chini. Tundu dogo la njiani huzibwa kwa sabuni ya mche: ikande mpaka iwe laini, ibandike, uifunge kwa kitambaa. Sabuni haiyeyushwi na petroli kama gundi nyingi zinavyoyeyushwa. Lakini hiyo ni dawa ya kukufikisha nyumbani, si ya mwezi mzima, na mvua ikinyesha itayeyuka.

Matengenezo ya haki ni kulishusha tangi. Na hapa, ndugu, lazima tuseme kwa sauti: TANGI TUPU NI HATARI KULIKO TANGI LILILOJAA. Ndani ya tangi tupu mna mvuke na hewa, ndiyo baruti yenyewe. Kulitia sabuni na kulisuuza mara moja hakutoshi. Lisichomelewe mpaka fundi anayeijua kazi hiyo awe amelisafisha kwa mvuke wa maji moto au amelijaza maji na kuacha nafasi ndogo tu mahali pa kuchomelea. Msimamizi akikwambia, "Choma tu, limekaa wiki nzima juani," kataa. Wiki nzima haitoshi kuitoa petroli iliyojificha ndani ya kutu.

Mabomba. Mpira wa petroli huzeeka hata kama gari halitembei. Ukunje kwa vidole: ukiona nyufa ndogondogo, au ukiwa mgumu kama ubao, au umelainika na kuvimba, ubadilishwe. Usikate kipande cha mpira wa maji ukakitia mahali pake. Huo haukufanywa kwa petroli, na baada ya siku chache huvimba na kuachia. Ukiuliza dukani, taja mpira wa petroli, na uchukue kipande cha zamani upate unene uleule. Klipu zikazwe kiasi. Ukikaza mno utaukata mpira.

Bomba la shaba au chuma lililotoboka, kama lile la dereva wetu, hukatwa mahali pabovu na kuungwa kwa kipande kifupi cha mpira wa petroli chenye klipu pande zote mbili, lakini lisiwe karibu na eksosi. Hiyo ni dawa ya muda wa wastani, na bora ni kutia bomba jipya. Jambo la maana ni kuondoa sababu. Bomba lilitoboka kwa kusuguana, basi lifungwe vizuri katika vishikio vyake, na mahali linapogusa chuma litiwe kipande cha mpira. Asiyeondoa sababu atarudi chini ya gari mwakani.

Pampu. Ndani ya pampu ya zamani kuna kiwambo kinachopanda na kushuka. Kikipasuka, petroli hutoka katika kitundu kidogo kilicho chini ya pampu. Kitundu hicho kiliwekwa kusudi ili kitoe habari, na wako waliokiziba kwa gundi wakidhani wametengeneza. Kukiziba ni kumziba mlinzi mdomo. Petroli itakosa njia ya nje na kushuka ndani ya injini, ichanganyike na oili. Kwa hiyo ukiishuku pampu, vuta kijiti cha oili. Ukiona oili imepanda badala ya kushuka, nayo ni nyepesi na inanuka petroli, usiwashe injini tena. Badilisha kiwambo au pampu nzima, kisha mwaga oili yote utie mpya. Oili iliyotiwa petroli hailainishi kitu, na injini itakula vyuma vyake yenyewe.

Kama pampu ina kikombe cha kioo juu, kikague. Gasketi yake ya kizibo au mpira hukauka. Kioo kikiwa na ufa hakina dawa, kibadilishwe. Na maji na kutu ukiviona vimekaa chini ya kikombe, ujue tangi linaliwa ndani.

Kabureta. Humu mna boya dogo linaloelea, na sindano inayofunga mlango petroli ikifika kiasi chake. Taka ikikaa kwenye sindano, mlango haufungi, na petroli hufurika juu ya injini yenye moto. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi kulowa, na harufu kali mara tu baada ya kuzima.

Kwanza gongagonga kifuniko cha kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi, maana wakati mwingine sindano huachia. Isipoacha kufurika, fungua kifuniko, toa sindano, uisafishe na kuitazama. Ikiwa ncha yake imelika na kuacha mkwaruzo, ibadilishwe pamoja na mlango wake. Kisha toa boya ulitikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, limetoboka na limezama. Ukitaka kuona tundu, litie katika maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, mbali na jiko, nalo litatoa mapovu. Usilitie lehemu likiwa na petroli ndani, litakupasukia usoni. Boya jipya ni nafuu kuliko jicho. Ukirudisha kifuniko, tia gasketi mpya, na misumari ikazwe kidogokidogo kwa kupokezana.

JARIBU KABLA YA KUKABIDHI

Kazi haijaisha mpaka imejaribiwa. Pangusa kote mpaka kukauke. Tandika gazeti au boksi chini. Rudisha waya wa betri mwisho, baada ya harufu kuisha. Washa injini uiache izunguke dakika kumi, huku mmoja akitazama na mwingine akiwa tayari kuzima. Pitisha kidole chini ya kila kiungo, kisha unuse. Endesha mwendo mfupi wenye mashimo, rudi, tazama tena gari likiwa na joto. Jioni pima tangi kwa kijiti, na asubuhi pima tena kabla ya kuwasha. Matokeo yaandikwe katika daftari la gari pamoja na tarehe na jina la fundi. Daftari hilo ndilo wakili wa dereva siku ya lawama.

NA MASHINE ZA MASHUA

Wenzetu wavuvi na wale wanaovuka bahari kwenda kazini wasidhani makala hii haiwahusu. Mashine ya kufunga nyuma ya mashua ina tangi, mpira, tunguu la kubinya, pampu na kabureta. Binya tunguu mpaka liwe gumu. Likilegea peke yake mara moja, petroli inatoka mahali, au sindano ya kabureta haifungi. Jua na chumvi huupasua mpira upesi kuliko barabara, basi uwe unakaguliwa kila unapoanza msimu. Na kumbuka ngama: petroli iliyomwagika chomboni yaweza isionekane upesi juu ya maji ya chini, na mvuke wake haupati mahali pa kutokea. Fua maji, pangusa, acha upepo upite, ndipo uwashe mashine. Sigara ingoje ufukweni.

MOTO UKITOKEA

Zima injini, shusheni watu wote kwanza, kisha tazameni gari. Moto mdogo uzimwe kwa mchanga au unga, ukilenga shina la moto, upepo ukiwa nyuma yako. Moto ukiwa chini ya boneti, usiifungue wazi, kwa sababu hewa itaingia na moto utakuja usoni. Ifungue upenyo tu upitishe unga. Moto ukifika kwenye tangi, acheni gari. Gari lina bima au lina mwenyewe. Mtu hana kipuri.

HAKI NA WAJIBU

Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 13 unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali penye hatari kubwa na ya karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, asiadhibiwe. Mwezi wa Juni 2022 Shirika hilo liliyaingiza mazingira salama ya kazi katika misingi mikuu ambayo kila nchi mwanachama yapasa kuiheshimu. Kwa wenzetu walio Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kwa msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi mpaka hatari imeondolewa. Tena Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyopotea pale tu mfanyakazi alipofanya kosa kwa makusudi, na kwa kiasi kinachofaa. Tundu la bomba si kusudi la dereva.

Lakini haki ina wajibu wake. Dereva akague gari kila asubuhi: anuse, atazame chini, apime kijiti, aandike. Akiona kuvuja, aripoti siku hiyohiyo kwa maandishi, abaki na nakala, na ampe habari mjumbe wa chama. Abiria wanaosikia harufu wasimwachie dereva peke yake kulalamika, kwani mmoja akikataa kupanda huitwa mkorofi, na wote wakikataa gari hutengenezwa. Msimamizi naye, kabla hajasema neno "mwizi", atake kijiti, kopo na saa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nahodha yule hakuwa fundi wa magari. Alijua kukausha kwanza na kutazama baadaye, na kwa ujuzi huo alimtoa mwamu wake katika aibu. Kesho asubuhi, kabla gari la kazini kwenu halijawashwa, inameni mlitazame.

Umoja ni nguvu.